Nani Aliyezihesabu Sekunde za Taa ya Njano?



Taa ya kijani ina maana moja, na taa nyekundu nayo ina maana moja. Yenye ubishi ni taa ya njano. Dereva wa daladala akiiona hukanyaga mafuta. Dereva mwanafunzi hukanyaga breki. Aliye nyuma ya mwanafunzi hupiga honi na kuuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyempa mtu huyo gari. Bodaboda, kama kawaida yake, hana haja ya kuuliza rangi. Katika njia panda zetu nyingi ubishi huo huamuliwa na askari wa usalama barabarani, ambaye husimama katikati na kuzipa taa mgongo. Kwa hiyo wengi wetu hatujapata sababu ya kujiuliza swali dogo sana: ile njano huwaka kwa sekunde ngapi, na ni nani aliyezihesabu?

Nimelifuatilia swali hilo kwa wiki kadhaa. Sekunde hizo hazikuteremka kutoka mbinguni, wala hazikuwekwa na fundi aliyepanda ngazi na bisibisi mkononi. Zilipangwa na kamati. Najua kwamba sisi tukisikia neno kamati hufikiria chai, maandazi na posho ya kikao. Lakini katika taaluma ya uhandisi wa usafirishaji, kamati ndiyo inayoamua upana wa njia, urefu wa tuta, mwendo wa mama mzee anayevuka barabara, na muda wa taa. Uamuzi wake huandikwa kitabuni, kitabu hupelekwa mijini, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba namba ile iliwahi kupigiwa kura na watu waliokaa mezani.

Historia yenyewe ni fupi. Taa ya kwanza ya kuongoza vyombo vya barabarani, wakati huo vikiwa ni vya farasi, iliwekwa London mwaka 1868. Iliwaka kwa gesi, na mwezi Januari 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Taa za umeme zilikuja mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1914, zikiwa na nyekundu na kijani tu. Njano iliongezwa mjini Detroit mwaka 1920 na askari polisi aitwaye William Potts, ambaye aliona kwamba magari hayawezi kusimama papo hapo mara kijani inapozimika. Alikuwa askari, hakuwa mhandisi. Naomba msikilizaji alikumbuke hilo, kwa sababu tutalihitaji mbele ya safari.

Hesabu ya kisayansi ya njano ilifanywa na watu watatu wa maabara ya utafiti ya kampuni ya General Motors: Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin. Walichapisha makala yao mwaka 1960. Huyu Herman hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Ralph Alpher, alitabiri kwamba anga lote limejaa mabaki hafifu ya joto lililotokana na mwanzo wa ulimwengu, na katika miaka ya 1960 mabaki hayo yalikuja kugunduliwa kweli. Mtu wa akili hiyo ndiye aliyeketi akafikiria taa ya njano, na wala hakuiona kuwa kazi ya kumshushia hadhi.

Wanasayansi hao waliona kuwa kuna mahali pabaya barabarani ambapo dereva mwaminifu hana la kufanya. Akifunga breki hawezi kusimama kabla ya mstari. Akiendelea, nyekundu inamkuta kabla hajaufikia. Yaani amevunja sheria akiwa hajafanya kosa lolote. Wakauliza: njano iwake kwa muda gani ili mtego huo usiwepo?

Jibu lao naweza kulieleza hata redioni. Chukua gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva anapoiona njano anahitaji sekunde moja ya kutambua na kuamua, na katika sekunde hiyo gari limekwishakula mita 14. Akifunga breki kwa utaratibu, bila kuwaangusha abiria, atahitaji mita nyingine 32 hivi. Jumla ni mita 46. Basi aliye mbali zaidi ya mita 46 anaweza kusimama, na asimame. Aliye karibu zaidi ya hapo hawezi, kwa hiyo apewe muda wa kupita. Na mita 46, kwa mwendo uleule, ni sekunde 3 na nukta 3. Hiyo ndiyo njano yake. Mwendo ukiongezeka, njano nayo hurefuka.

Ni hesabu safi. Katikati ya miaka ya 1960 Taasisi ya Wahandisi wa Usafirishaji ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1930 na inayojulikana kwa kifupi kama ITE, iliiingiza kanuni hiyo katika kitabu chake cha kazi. Kutoka hapo ikaenea. Mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu alama na taa za barabarani nao unasema njano isipungue sekunde 3 wala isizidi sekunde 6.

Sasa rudi kidogo nyuma uitazame ile hesabu tena. Kuna neno moja limejificha ndani yake: kwa mwendo uleule. Kanuni inachukulia kuwa dereva anayepita hapunguzi mwendo, anakwenda moja kwa moja. Lakini je, yule anayekata kona? Hakuna dereva mwenye akili timamu anayekata kona kwa kilometa 50 kwa saa. Lazima apunguze, na anapopunguza anachelewa kuufikia mstari, na anapochelewa nyekundu inamkuta njiani. Kwa maneno mengine, ule mtego ambao wanasayansi watatu waliuondoa kwa anayenyoosha, ulibaki umetegwa kwa anayekata kona. Ulibaki hapo kwa zaidi ya miaka hamsini, mbele ya macho ya kamati baada ya kamati.

Aliyeupigia kelele aliishi Beaverton, mji ulio katika jimbo la Oregon. Anaitwa Mats Järlström, mzaliwa wa Uswidi aliyesomea uhandisi wa umeme huko kwao. Mwaka 2013 mkewe alipigwa picha na kamera ya barabarani akikata kona, akatumiwa faini. Waume wengi wangemlaumu mke, wakalipa, wakasahau. Järlström akachukua saa na kalamu. Alipima, akasoma makala ya mwaka 1960, akaligundua lile neno lililojificha, akaandika kanuni iliyopanuliwa ambayo inamhesabia pia dereva anayepunguza mwendo.

Nimeijaribu kanuni hiyo kwa mfano wetu uleule. Gari linatoka na mwendo wa kilometa 50 kwa saa, linapunguza hadi kilometa 20 ili likate kona. Badala ya sekunde 3 na nukta 3, njano inatakiwa iwe zaidi ya sekunde 4 na nusu. Tofauti ni sekunde moja na ushee. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, sina usajili wa uhandisi, na hesabu hii nimeifanya mezani kwangu kwa kikokotoo cha kawaida. Nalisema hili makusudi, kwa sababu katika Oregon ya wakati ule kuitangaza hesabu ya namna hii hadharani kungeweza kuniletea barua ya bodi.

Ndivyo ilivyomtokea Järlström. Mwaka 2014 aliiandikia bodi ya jimbo hilo inayosimamia wahandisi na wapima ardhi, akiieleza alichogundua. Bodi haikushughulika na taa, ilishughulika naye. Ilimchunguza kwa muda mrefu, kisha ikamtoza faini ya dola 500. Makosa yake yalikuwa mawili: kwanza, amefanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa, kwa kuwa ameukosoa mfumo wa taa na kuueleza umma hesabu zake, pili, amejiita mhandisi. Kwamba hesabu yenyewe ni sahihi au si sahihi, hilo halikuwa swali.

Msikilizaji anaweza kucheka, lakini tuwe waadilifu. Bodi za usajili hazikuundwa kwa mzaha. Sisi wa Dar es Salaam tunajua. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Siku ile hakuna aliyeuliza kwa nini sheria inataka mhandisi asajiliwe. Sisi tunayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 1997, na mtu anayechora nguzo za ghorofa bila sifa anastahili kushikwa. Kuna tofauti lakini, tena kubwa, kati ya mtu anayejenga na mtu anayeuliza. Anayejenga vibaya anaua. Anayeuliza vibaya anajibiwa, na mambo yanaisha. Bodi ya Oregon iliwaweka wote wawili katika kapu moja.

Järlström alilipa zile dola 500, kisha mwaka 2017 akaishitaki bodi katika mahakama ya shirikisho akidai kuwa imevunja haki yake ya kusema. Kabla ya mwaka kwisha jimbo lenyewe likakiri kuwa lilimkosea na likataka yaishe. Hakukubali yaishe kwake peke yake. Alitaka na mwananchi mwingine asiguswe. Mwezi Desemba 2018 hakimu wa mahakama hiyo, Stacie Beckerman, alitoa hukumu: Järlström yuko huru kuzungumzia taa za barabarani na kuitangaza hesabu yake, na yuko huru kujiita mhandisi, kwa kuwa neno hilo si mali ya wenye leseni peke yao.

Magazeti mengi yaliishia hapo, kwa sababu kesi ina mshindi na mshindwa na inaandikika vizuri. Lakini ushindi wa mahakamani haukuongeza hata nukta moja ya sekunde katika njano ya Beaverton wala ya mji wowote. Mahakama ilimpa mtu ruhusa ya kusema. Haikusema kama anachosema ni kweli. Hilo la pili lilikuwa bado mezani kwa kamati, na mimi naliona ndilo zito zaidi.

Inafaa nieleze kamati hizi zinavyofanya kazi, maana mambo yake hayajulikani nje ya wenyewe. Wajumbe hawalipwi. Ni wahandisi wa halmashauri za miji, walimu wa vyuo vikuu, washauri binafsi, na mara nyingine watu wa kampuni zinazouza vifaa. Kuna chombo kingine huko Marekani, Bodi ya Utafiti wa Usafirishaji, iliyoundwa mwaka 1920, ambayo kila Januari hukusanya mjini Washington watu zaidi ya elfu kumi, na sehemu kubwa ya siku hizo ni vikao vya kamati katika vyumba vya hoteli na kumbi za mikutano. Kamati huandaa rasimu. Rasimu hutolewa kwa maoni. Maoni hujibiwa moja moja. Kisha hupigwa kura. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Kazi ni ya polepole, inachosha, na mara nyingi maneno mawili katika aya moja hula mwaka mzima.

Polepole hiyo ina faida yake. Namba ikiingia katika kitabu, maelfu ya njia panda huifuata, kwa hiyo si vizuri ibadilishwe na kila anayekuja na hasira. Ina hasara pia. Watu waliozoeana kwa miaka ishirini hufika mahali ambapo hawaulizi tena namba ilitoka wapi. Wanaijua kama mtoto anavyojua jedwali la kuzidisha. Pale ndipo mtu wa nje, ambaye hajazoea, anapokuwa na faida.

Basi ITE ilikuwa katika kuandaa mwongozo mpya wa muda wa njano. Järlström na wengine wenye hoja kama yake walikataa rasimu iliyoendelea kuitumia kanuni ya zamani kwa magari yanayokata kona, na wakakata rufaa. Walikuwa na shahidi ambaye hakuna kamati ingeweza kumdharau. Katika wale wanasayansi watatu wa mwaka 1960, mmoja alikuwa bado hai: Alexei Maradudin, ambaye baadaye alikuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Maradudin aliandika kuiunga mkono hoja hiyo. Kanuni yao, alieleza, haikufanywa kwa ajili ya magari yanayopunguza mwendo ili yakate kona. Wahandisi waliichukua wakaitumia mahali isipohusika.

Hebu fikiria, ndugu msikilizaji. Kwa zaidi ya nusu karne wenye vitabu wanaitumia kanuni, na mwenye kanuni yupo hai, ana simu na anwani.

Mwaka 2019 jopo la wataalamu la ITE liliwasikiliza warufani na likakubaliana nao katika jambo hilo kuu. Mwezi Machi 2020 mwongozo mpya ulichapishwa, na ndani yake imo kanuni iliyopanuliwa. Aliyetozwa dola 500 kwa kuandika hesabu sasa hesabu yake iko katika kitabu cha wale wenye leseni.

Wako wahandisi ambao hawakufurahi, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema njano ikirefushwa sana madereva huizoea, wakaanza kuihesabu kama kijani cha pili. Wanasema pia kwamba kila sekunde ya njano hutolewa kwa mtu mwingine: kwa foleni ya upande wa pili, au kwa anayesubiri kuvuka kwa miguu. Kwenye njia panda yenye magari mengi sekunde hizo zikijumlishwa kwa saa nzima si haba. Mwongozo wenyewe ni mapendekezo tu. Si sheria, na kila mji huamua wenyewe kama utaufuata.

Kwa nini sekunde moja izue vita ya miaka saba? Kwa sababu ya kamera. Wakati wa askari, aliyekutwa na nyekundu kwa bahati mbaya alikuwa na mtu wa kumweleza. Askari aliona gari lilivyokuwa, akaona mvua, akaona lori lililokuwa nyuma. Kamera haioni hayo. Inaona mstari na inaona rangi, na inahesabu kwa sehemu za sekunde. Kosa dogo la kamati ambalo zamani lilimezwa na busara ya askari, sasa linageuka kuwa bahasha yenye faini, mara elfu kwa elfu.

Mfano mzuri, au niseme mbaya, ni wa jiji la Chicago. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa jiji hilo alieleza kuwa faini zipatazo 77,000 zilitolewa mahali ambapo njano iliwaka kwa sekunde 2 na nukta 9, badala ya 3. Awali picha za namna hiyo zilikuwa zikitupwa. Kisha kiwango kikalegezwa, zikaanza kutozwa. Kila faini ni dola 100. Zidisha mwenyewe: dola milioni 7 na laki 7, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Nisieleweke kuwa napinga kamera. Mjini Philadelphia watafiti walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Kwanza walirefusha njano kwa sekunde moja hivi, na waliopita na nyekundu wakapungua kwa asilimia 36. Halafu wakaweka kamera, na waliobaki wakapungua kwa asilimia 96. Kwa hiyo kamera inafanya kazi, na kwa nguvu. Ila theluthi nzima ya waliokuwa wakihesabiwa wavunja sheria hawakuhitaji faini. Walihitaji muda wa haki. Mimi naona utaratibu wa Philadelphia ndio ulio sawa: kwanza rekebisha taa, halafu ndipo umwadhibu dereva. Wengi hufanya kinyume chake, kwa kuwa kurekebisha taa hakuingizi fedha.

Taa ya njano si namba pekee ya aina hii. Kuna mwendo wa mtu anayevuka kwa miguu. Kwa miaka mingi mwongozo wa Marekani ulichukulia kuwa mtu anatembea mita 1 na nukta 2 kwa sekunde. Ni mwendo wa kijana mwenye haraka ya kwenda kazini. Mwaka 2009 namba hiyo ilishushwa hadi mita 1 na sentimita 7 hivi. Katika barabara yenye upana wa mita 20, badiliko hilo ni sekunde mbili tu. Bibi mwenye fimbo na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani ndio wanaojua thamani ya sekunde mbili hizo, na ndio ambao huwakuti katika kamati.

Kuna pia namna ya kupanga kikomo cha mwendo. Wahandisi wa Marekani kwa miongo mingi walipima magari barabarani, wakatafuta mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi, wakauandika kwenye kibao. Yaani dereva ndiye anayejipangia sheria, na akizidi kukimbia sheria inamfuata nyuma. Toleo la kumi na moja la mwongozo wa alama za barabarani, lililotolewa Desemba 2023, limeupunguzia utaratibu huo nguvu zake na kutaka waenda kwa miguu na mazingira ya barabara yaangaliwe pia. Rasimu yake ilipata maoni zaidi ya laki moja. Toleo la kwanza la kitabu hicho lilitoka mwaka 1935, na sidhani kama waliokiandika waliwahi kuota kwamba iko siku watu wa mitaani wangekisoma ukurasa kwa ukurasa.

Na sisi je? Nchi za SADC zina mwongozo wao wa pamoja wa alama za barabarani. Tanzania ina mwongozo wake wa usanifu wa maumbo ya barabara wa mwaka 2011, na ule wa tabaka za barabara wa mwaka 1999 ulioandaliwa kwa ushirikiano na Wanorwei. Hakuna ubaya kujifunza kwa wengine. Hata wao walijifunza kwa wengine. Ila namba ikishavuka bahari huja bila historia yake. Inafika imevaa suti, tunaisimamia kwa heshima. Kama Wamarekani wenyewe waliitumia kanuni mahali isipohusika na mwenye kanuni akiwa jirani yao, sisi tulio mbali tuna sababu zaidi ya kuuliza.

Madereva wetu wanaijua tayari tochi, kile chombo cha askari cha kupimia mwendo, na wanajua namna ya kuambiana kwa kuwasha taa. Kamera ya njia panda haiambiwi. Siku halmashauri itakapotangaza kuwa inazifunga, ningependa mwandishi mmoja katika ule mkutano wa waandishi asiulize kamera zimegharimu shilingi ngapi, kwa sababu hilo litaulizwa na wengine kumi. Aulize njano ya njia panda ile ni sekunde ngapi, imehesabiwa kwa mwendo gani, na kama njia ya kukata kona imehesabiwa peke yake. Aulize pia nani alikaa katika kamati, na kama mwananchi mwenye hesabu yake ana mlango wa kuipeleka. Wahandisi wetu niliopata kuzungumza nao si watu wa kukimbia maswali ya aina hiyo. Wengi walisema hawajawahi kuulizwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia matuta ya barabarani: kimo chake, umbali kati ya moja na jingine, na kwa nini mengine hupakwa rangi na mengine huachwa yatambuliwe na spring'i za gari lako.